Hela ni kidogo, mahitaji kibao: zahanati ianze na lipi?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya zahanati ya kijiji chetu huku Tabora. Zahanati inahudumia vijiji vinne, akina mama wanaojifungua hapa ni kama 18 kwa mwezi, kituo cha afya chenye upasuaji kiko kilometa 34 na masika barabara ni shida. Kwenye akaunti tumebakiwa na kama milioni 9 za papo kwa papo (malipo ya wagonjwa) na CHF (mfuko wa afya ya jamii). Diwani anataka tununue ultrasound maana kata jirani wanayo na wanawake wanaikimbilia. Wazee wanataka dawa za presha na sukari ziwepo muda wote. Mjumbe mmoja anataka bajaji ya kubebea wagonjwa. Mganga mfawidhi anasema hela iende wodi ya wazazi, maji, taa na vifaa vidogo vidogo. Na wapo wanaosema tupunguze kliniki za mkoba, zile za nesi kuwafuata watoto na wajawazito kule vijiji vya mbali, kwasababu surua hatujaiona miaka mingi, hiyo hela ya mafuta tuiongeze kwenye mashine. Tunakaa vikao tunagombana tu. Kuna kanuni ya kitaalamu ya kuamua? Na je, si dhambi kuanza kupima uhai wa watu kwa hela?"

Marahaba mwenyekiti, na pole kwa vikao. Ila niseme mapema kwamba mimi sio daktari wa kushika sindano, mimi ni mtu wa uchumi wa afya, kazi yangu ni hizihizi hesabu za hela kidogo na mahitaji kibao, kwahiyo ukiniuliza dozi nitakukimbia lakini hapa umenipata.

Nilivyokuelewa, hakuna anayedanganya kwenye kikao chenu. Diwani anasema kweli, wazee wanasema kweli, mganga naye anasema kweli. Kila mmoja kaleta hitaji halali halafu mnajaribu kulishindanisha na hitaji la mwenzake, na kwa namna hiyo hata mkae mpaka usiku wa manane hamtafika maana kila hitaji lina mwenyewe na lina machungu yake. Jiulizeni hivi: hii milioni 9 ikiingia hapa, nini kitabadilika ambacho bila hiyo hela kisingebadilika, na mwaka kesho wakati kama huu hicho kitu bado kitakuwa kinafanya kazi? Mkijibu hilo kwa kila ombi, kwa uaminifu, nusu ya ugomvi unaisha wenyewe.

Hili la dhambi nilimalize kwanza maana najua linawasumbua wengi, hasa kwenye kikao kinachofunguliwa kwa sala. Kupima mnapima tayari. Kila mwezi dawa zinapoisha na mganga akaagiza hizi akaacha zile, kuna mtu kapewa na mwingine kanyimwa, tofauti ni kwamba hakuna aliyesema kwa sauti. Na hela ikikaa benki mwaka mzima kwasababu kamati haielewani, hapo pia kuna watu wamenyimwa, ila hamtayajua majina yao. Wala msidhani hii ni shida ya maskini peke yake. Uingereza wana taasisi inaitwa NICE tangu 1999 na moja ya kazi zake ni kusema hapana kwa dawa ambazo bei yake ni kubwa kuliko faida inayoletwa. Kuna pia wanaosema tusubiri serikali ifikishe ile 15% ya bajeti walioahidiana marais wa Afrika pale Abuja 2001. Ikifika itasaidia sana, ila hata siku hiyo mtagombana, mtakuwa tu mnagombania hela kubwa zaidi.

Sasa kanuni. Ipo, na moja ya sehemu ilikojaribiwa vizuri kabisa ni hapahapa nyumbani, Rufiji na Morogoro, kuanzia miaka ya mwisho ya 90. Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la utafiti la Canada, IDRC, waliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP. Walichofanya ni rahisi kukielezea lakini kazi yake ilikuwa ngumu. Badala ya kutegemea vitabu vya hospitali, walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na aliumwa vipi, kwasababu wengi walikuwa wanafia nyumbani na hospitali haina habari nao. Halafu wakachukua ile picha ya vifo wakaiweka pembeni ya bajeti ya afya ya wilaya. Morogoro mwaka 1996, malaria peke yake, kwa wakubwa na wadogo, ilikuwa inakula kama 30% ya miaka ya uhai inayopotea, lakini kwenye bajeti ilikuwa inapata 5%. Magonjwa ya watoto kwa pamoja, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na hiyohiyo malaria, yalikuwa 28% ya mzigo (yaani hiyo miaka ya uhai inayopotea) na yanapata 13% ya hela. Kifua kikuu kilikuwa chini ya 4% ya mzigo kikiwa kinachukua 22%. Hakuna aliyekaa akapanga kuwaonea watoto, ni bajeti tu iliyokuwa inarithiwa kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, na wafadhili wenye mradi wao wa kupenda wakiwa na sauti kubwa.

Mradi ukatenga nyongeza ya hadi dola 2 kwa kichwa ili wilaya ziweze kusogeza hela ziende kwenye mzigo ulipo. Unajua walitumia shilingi ngapi? Haikufika hata dola moja kwa kichwa, ni kama senti 80 hivi, kwasababu sehemu kubwa ya faida ilitokana na kupanga vizuri kile kilichokuwepo, kufundisha watumishi namna ya kumuangalia mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, vyandarua, na usimamizi. Rufiji vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vikashuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka uliofuata. Mwaka mmoja ni mfupi na siwezi kukwambia yote hayo yaliletwa na bajeti peke yake, lakini mwelekeo uliwashtua watu mpaka nje ya nchi.

Hapohapo ndo watu wengi huteleza, na nadhani wale wajumbe wenu wanaotaka kukata mkoba wameteleza palepale. Kwenye hesabu zile za Morogoro, magonjwa yanayozuilika kwa chanjo yalikuwa kama 4% tu ya mzigo lakini yanakula 30% ya bajeti. Ukiisoma harakaharaka unasema huu ni ufujaji, kata chanjo peleka kwingine. Lakini jamani, ile 4% ni ndogo KWASABABU ya ile 30%. Ugonjwa mkiuona mdogo mna mambo mawili ya kuuliza, je ni mdogo wenyewe au ni mdogo kwasababu kuna kitu kimeukalia? Mzigo wa ugonjwa unakuonyesha penye maumivu leo, haukuonyeshi pale ambapo maumivu yangekuwepo kama mtu asingekuwa anafanya kazi yake kimyakimya.

Surua ndo mfano mbaya kuliko yote maana haiji kidogokidogo, inasubiri. Mtu mmoja mwenye surua akikaa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, ndo maana inahitajika karibu watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga ili isipate pa kupenya. Tuseme vile vijiji viwili vya mbali vinazaliwa watoto 100 kwa mwaka na mkikata mkoba nusu yao hawaletwi zahanati kwasababu mama hawezi kutembea na mtoto wa miezi tisa umbali ule halafu arudi tena miezi 18. Mwaka wa kwanza hamtaona kitu. Wa pili pia hamtaona, na yule mjumbe atasema si nilisema. Mwaka wa nne mna watoto 200 wasio na kinga wamekaa pamoja, akija mgeni mmoja mnadani na virusi, hapo ndo mnaanza kuzika. Jirani zetu Kongo mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto wadogo.

Na kuna hesabu nyingine ya mkoba ambayo huwa haisemwi vikaoni. Chanjo yenyewe hamnunui ninyi, sindano hamnunui, zinakuja na mpango wa taifa. Ninyi mnaweka mafuta ya pikipiki na posho ya nesi. Maana yake kila shilingi yenu inavuta shilingi nyingi za mtu mwingine mpaka mlangoni kwenu, na mkiikata, zile za mwenzenu zinabaki stoo wilayani. Tuseme safari moja inawagharimu 60,000, vijiji viwili kila mwezi, mwaka mzima ni milioni moja na laki nne na ushee. Wekeni bei zenu halisi, ila mtakuta ni kahela kadogo sana ukilinganisha na kinachofanyika siku ile, maana pale chini ya mti wanapimwa hadi wajawazito.

Tuje kwenye ultrasound, na najua hapa nitawaudhi watu. Mashine yenyewe ni nzuri, tusidanganyane. WHO tangu 2016 wanashauri kila mjamzito apigwe ultrasound walau mara moja kabla ya wiki 24, inasaidia kujua umri wa mimba, mapacha, na mengine. Swali ni je, ikiwekwa kwenye zahanati kama yenu inapunguza vifo? Hilo limepimwa, tena kwenye mazingira yanayofanana na yetu. Kulikuwa na utafiti mkubwa nchi tano, Kenya na Kongo zikiwemo, pamoja na Zambia, Pakistan na Guatemala, ambapo maeneo mengine yalipelekewa ultrasound kwenye vituo vya chini na watumishi wakafundishwa, mengine yakaachwa kama yalivyo. Matokeo yalitoka 2018. Mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka, wenye matatizo hawakuongezeka kwenda kujifungulia hospitali, na vifo havikupungua. Watu walishangaa ila ukikaa ukafikiria inaeleweka. Mashine inaona tatizo, haiondoi tatizo. Ikikuonyesha kondo limekaa vibaya, dawa yake ni upasuaji na upasuaji uko kilometa 34 kwenye ile barabara yenu ya masika. Kilichokuwa kimekwama ni barabara na chumba cha upasuaji, sio macho.

Halafu kuna gharama ambazo muuzaji hakwambii. Nani ataipiga na kuisoma? Zahanati haina mtaalamu wa mionzi kwenye ikama yake. Umeme ukicheza, betri. Jeli. Probu ikidondoka mara moja imekwisha. Kuna uchunguzi uliotoka 2011 uliojumlisha orodha za vifaa tiba vya nchi 16 zenye uwezo mdogo, karibu 40% ya vifaa vilikuwa vimekaa tu havifanyi kazi, na wewe mwenyewe ukizunguka hospitali za wilaya utaona vyumba vimejaa mashine zimefunikwa shuka. Diwani anapenda mashine kwasababu inazinduliwa, inakatiwa utepe, na sio kwamba namsema vibaya, hata mimi ningekuwa diwani ningependa kitu kinachoonekana. Ila kamati kazi yake ni kuangalia na visivyoonekana. Kama kata jirani kweli wanayo na ina mtu wa kuitumia, ongeeni nao wajawazito wenu wapelekwe kule kwa siku maalum, itakuwa rahisi mara nyingi kuliko kununua ya kwenu.

Bajaji nitaipitia haraka. Kabla ya kununua chochote cha usafiri, uliza kwanza kama kuna mtu mwingine anayelipia tayari. Kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga kuna mfumo wa m-mama, unapigwa 115 bure, wanampa kazi dereva wa jamii aliye karibu kama gari la wagonjwa halipo, na dereva analipwa kwa simu. Kama huko kwenu unasuasua, nguvu yenu iende kwenye kuandikisha madereva wa kijiji na kubandika namba kila mahali, hiyo haina gharama hata ya soda. Bajaji ya zahanati itataka dereva, mafuta, matairi, na miezi sita baadaye itakuwa inabeba mahindi ya mtu fulani. Tumeiona sana hii.

Wazee sasa. Hawa wana hoja nzito kuliko kamati nyingi zinavyodhani, na mara nyingi wanapuuzwa kwasababu presha haina kelele, mtu anatembea nayo miaka kumi halafu siku moja anaanguka na upande mmoja umekufa, na kuanzia siku hiyo familia nzima inaacha shamba kumuuguza. Vidonge vya kawaida vya presha sio bei mbaya kabisa. Shida yake iko kwingine: havina maana mkivinunua miezi miwili vikakata miezi mitatu. Faida inakuja kwa mtu kumeza kila siku kwa miaka. Kwahiyo kama mnaingia huku, msiingie na mkupuo wa kufurahisha wazee kwenye mkutano wa kijiji. Hesabuni kwanza ni wangapi wanaojulikana na wameandikishwa, kidonge kimoja au viwili kwa siku mara siku 365, mpate mahitaji ya mwaka, halafu mgawanye nani anaweza kuchangia, nani yuko CHF, na nani ni mzee asiyejiweza mwenye msamaha. Hao wa mwisho ndo hela yenu inatakiwa iwafuate, maana hao wakikosa hapa hawana duka la kwenda. Mfamasia wa wilaya awaambie ni dawa zipi zinaruhusiwa ngazi ya zahanati, na mkikosa MSD (bohari ya dawa ya serikali) kuna utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeidhinishwa na mkoa, msikimbilie duka la mtaani.

Limebaki ombi la mganga wenu ambalo nadhani kwenye kikao lilionekana la kichovu kuliko yote. Maji, taa, vifaa vidogo vidogo. Nani atakata utepe wa ndoo ya maji? Lakini twende na namba zako mwenyewe. Wanaojifungua 18 kwa mwezi ni kama 216 kwa mwaka. Kati ya watoto wanaozaliwa, 3 hadi 6 kwa kila 100 hawaanzi kupumua wenyewe hata ukiwafuta na kuwasugua mgongo, wanahitaji kupulizwa hewa kwa kile kimfuko chenye barakoa, manesi wanakiita ambu begi. Kwenu hao ni watoto 6 hadi 13 kila mwaka. Wanahitaji kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, na hakuna ambulansi duniani ya kukimbia dakika moja. Sasa kajiulizeni, usiku saa nane hicho kimfuko kiko wapi, ni kizima, barakoa ya saizi ya kichanga ipo, na nesi anakiona au anapapasa kwa tochi ya simu iliyoshikwa na bibi wa mzazi?

Hapa Tanzania jambo hili lilipimwa kwenye hospitali nane, wakunga wakafundishwa mbinu rahisi za kumsaidia mtoto kupumua, na vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa 47%. Matokeo yalichapishwa 2013. Halafu hospitali ya Haydom wakatuongezea somo lingine ambalo mimi nalipenda zaidi. Mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadilisha kilichokuwa kinatendeka chumba cha kujifungulia. Kilichobadilisha ni kufanya mazoezi mafupi mafupi mara kwa mara kazini, kwa mdoli, dakika chache tu, ndo vifo vikaanza kushuka. Maana yake mkinunua vifaa bila mazoezi mmenunua mapambo, na mazoezi yenyewe karibu ni bure.

Kwa akina mama hali ni hiyohiyo. Kinachoua zaidi ni kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, na mtu anaweza kumpoteza mama ndani ya masaa mawili akimwangalia, kwasababu damu ikinywewa na kanga na godoro hakuna anayejua imefika lita ngapi. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliotoka 2023, ulitumia karatasi la plastiki lenye alama za kupimia damu linalowekwa chini ya mama, na damu ikifika kiwango fulani mkunga anatoa matibabu yote kwa mpigo bila kusubiri moja baada ya jingine. Damu kubwa, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vikijumlishwa pamoja vilipungua kwa 60%. Zilikuwa hospitali, kwahiyo msitegemee namba ileile kijijini, lakini karatasi la plastiki ni karatasi la plastiki popote. Na oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, ikikaa dirishani inapoteza nguvu na mnamchoma mama maji. Muulizeni mratibu wa chanjo wa wilaya namna ya kuitunza kwenye friji mliyonayo.

Mtu atasema lakini hapa kwetu hakuna mama aliyekufa miaka mitatu, kwanini tuweke hela huko? Hii ni mtego wa namba ndogo, ngoja nifafanue maana unawapoteza hata wasomi. Kwa takwimu za taifa za 2022 vifo vya akina mama ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000, vikitoka 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Chukua hiyo 104 uiweke kwenye vizazi vyenu 216, unapata kifo kimoja kila miaka minne na nusu hivi. Zahanati inaweza kukaa miaka minne bila kifo na bado iwe ya kawaida tu, au hata mbovu yenye bahati. Kwa vichanga taifa ni 24 kwa 1,000 ndani ya siku 28 za kwanza, kwenu ingekuwa kama watano kwa mwaka, na wengi wanafia nyumbani hamuwaoni kwenye kitabu. Kwahiyo msiangalie maiti, angalieni matukio ya karibu: mama wangapi walitoka damu nyingi wakapona, watoto wangapi walizaliwa wamechoka, wangapi walipewa rufaa wakafika wamechelewa. Hayo yapo kwenye vitabu vya MTUHA (vitabu vya takwimu za zahanati), mwambieni mganga awasomee ya miezi 12 bila kutaja jina la mtu.

Ningekuwa mjumbe kwenu, na hii ni maoni yangu sio amri, ningeugusa mkoba kwa kuuongeza tu sio kuupunguza, kama milioni moja na nusu. Wodi ya wazazi ningeipa sehemu kubwa, kama milioni 5, nikianza na tenki la maji na taa za sola za chumba cha kujifungulia, kisha ambu begi mbili (moja ikiwa inasafishwa nyingine iwepo), mdoli wa mazoezi kama wilaya haina wa kuazima, na karatasi za kupimia damu. Presha na sukari milioni moja na nusu kwa kuanzia, kwa wale wasiojiweza walioandikishwa, na mkiona mnamudu miezi sita bila kukatika mnaongeza. Milioni moja inabaki ya matengenezo na dharura, na hiyo msiiguse hata diwani akilia. Namba zenyewe mtazibadilisha mkishapata bei, ila mpangilio ningeutetea.

Ila hata mkiwa na mpangilio mzuri kiasi gani, mkiuteremsha kijijini kama amri watu watasema kamati imekula. Mbarali hapa kwetu na Malindi ya Kenya, pamoja na wilaya moja ya Zambia, kulikuwa na mradi wa kujaribu namna ya kupanga vipaumbele kwa haki, na msingi wake ulikuwa mambo manne. Uamuzi na sababu zake vitangazwe wazi. Sababu ziwe zile ambazo hata aliyekosa anaweza kukubali ni za maana, sio kwasababu mwenyekiti kasema. Kuwe na nafasi ya mtu kupinga na jambo kuangaliwa upya akileta taarifa mpya. Na awepo wa kuhakikisha hayo matatu yanafanyika kweli. Ninyi mnaweza kuyafanya kwa karatasi moja ubaoni pale zahanati: tulikuwa na kiasi hiki, tumechagua hivi kwasababu hizi, ultrasound tumeiacha kwa sasa kwasababu hii na tutaiangalia tena mwezi fulani. Mpeni diwani nafasi ya kuyasoma yeye mwenyewe mkutanoni. Tena mwombeni apeleke hoja ya ile barabara na ya ultrasound ya kituo cha afya kwenye baraza la madiwani, huko ndo zinakostahili kupiganiwa na huko ndo ana nguvu.

Mambo ambayo mimi siwezi kuwamalizia kwa maandishi ni haya. Matumizi yote lazima yawe kwenye mpango wa kituo uliopitishwa na halmashauri, kwahiyo kabla ya kununua hata balbu mwoneni mganga mkuu wa wilaya na mhasibu wake, mkiwa na muhtasari wa kikao uliosainiwa, muulize pia kama tenki au sola tayari vipo kwenye bajeti ya mtu mwingine. Sola na maji visifungwe bila fundi wa halmashauri kuja kupima paa na chanzo cha maji. Kama katika miezi ya karibuni kuna mama au kichanga amefariki pale, msijadili kwenye kamati nani kakosea, ombeni timu ya wilaya ije kufanya uhakiki wa kifo, wana utaratibu wake na hauhusu kutafuta mchawi. Mkiona kuna watoto wawili watatu wana homa na vipele kwa wakati mmoja kijiji cha mbali, hiyo ni simu ya siku hiyohiyo kwa mganga mfawidhi na wilaya, haisubiri kikao. Na kama salio la benki na vitabu haviendani, usizunguke, mkaguzi wa ndani wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo.

Kikao kijacho kifanyieni kwenye chumba chenyewe cha kujifungulia, jioni giza likiwa limeanza kuingia, na diwani awepo.